Kuota Jua na Kujikinga na Matege: Nafasi ya Vitamini D katika Afya

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuyaona makala kuhusu vitamini yakijitokeza baina ya uhakiki wa riwaya na mijadala ya fonolojia. Mshangao huo una msingi, ila msingi wenyewe si imara sana. Kiswahili tunachokichambua madarasani ndicho ambacho muuguzi humweleza nacho mama aliyejifungua namna ya kumlea mwanawe. Iwapo maelezo hayo yatapotoka, hasara haitakuwa ya sarufi bali ya mifupa ya mtoto. Makala haya yanalenga kufafanua vitamini D ni nini, hufanya kazi gani mwilini, na hupatikana vipi. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba istilahi na misemo mitatu tuitumiayo tunapolizungumzia suala hili, yaani vitamini, matege na jua la asubuhi, kila mmoja huficha jambo ambalo mzazi alistahili kulijua mapema.

Swali linalotuongoza ni hili: inakuwaje mtoto azaliwe karibu na mstari wa ikweta, chini ya jua liwakalo mwaka mzima, kisha apinde miguu kwa kukosa kitu ambacho jua hukitoa bila malipo?

Vitamini isiyokuwa vitamini

Jina vitamini lilitokana na pendekezo la mwanakemia Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, mwaka 1912. Dhana yake ilikuwa wazi: kuna viambato vya chakula ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini hauwezi kujitengenezea, hivyo basi ni sharti viliwe. Viambato hivyo vilipogunduliwa kimoja baada ya kingine vilipewa herufi. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake huko Marekani waliyachukua mafuta ya maini ya samaki, wakayapasha moto huku wakiyapitishia hewa hadi vitamini A iliyokuwemo ikaharibika. Kwa mshangao wao, mafuta yale yaliendelea kuponya matege kwa panya. Palikuwa basi na kitu cha pili ndani ya mafuta hayo, nacho kikapewa herufi iliyofuata. Herufi D haina maana nyingine yoyote, ila tu kwamba A, B na C zilikuwa zimekwisha kutwaliwa.

Tatizo ni kwamba miaka mitatu awali, mwaka 1919, daktari wa watoto Kurt Huldschinsky mjini Berlin alikuwa amewaponya watoto wenye matege kwa kuwaweka mbele ya taa ya zebaki, bila kuwalisha mafuta ya aina yoyote. Mwaka uo huo, Edward Mellanby wa Uingereza aliwaletea matege mbwa aliowafungia ndani na kuwalisha shayiri, kisha akawaponya kwa mafuta ya maini ya samaki. Inawezekanaje maradhi mamoja yatibiwe na chakula na pia na mwanga? Jibu lilianza kujitokeza mwaka 1924, Harry Steenbock na Alfred Hess, kila mmoja kwa upande wake, walipobaini kwamba hata chakula kikimulikwa na miale ya urujuanimno hupata uwezo wa kuponya matege. Mjerumani Adolf Windaus, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa waliofafanua kemia yenyewe.

Ndani ya ngozi ya binadamu mna dutu iliyo jamaa ya kolesteroli. Miale ya urujuanimno, ile yenye urefu wa mawimbi baina ya nanomita 290 na 315 hivi, inapoipiga dutu hiyo, huivunja muundo wake. Kisha joto la mwili huikamilisha kuwa vitamini D. Hapo haijawa tayari kutumika. Husafirishwa na damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa umbo la akiba, ambalo ndilo hupimwa katika maabara. Kutoka kwenye ini huenda kwenye figo, nazo huigeuza mara ya mwisho kuwa umbo linalofanya kazi. Kitu kinachotengenezwa mwilini, kikasafiri kwa damu na kutoa amri kwa viungo vya mbali, wanabiolojia hukiita homoni. Yaani vitamini D ni homoni iliyobatizwa jina lisilo lake kabla haijafahamika vyema, na jina likaganda.

Mwanafunzi wa leksikografia atasema kwamba hilo si jambo geni, kwani majina mengi hupotoka yasitengenezwe. Ni kweli. Ila upotofu huu una matokeo. Anayesikia neno vitamini huielekeza akili yake kwenye sahani au kwenye duka la dawa, ilhali kwa binadamu wengi sehemu kubwa ya vitamini D hutoka kwenye ngozi.

Kazi yake mwilini

Kazi kuu ya homoni hii ni kuufungulia mlango madini ya kalsiamu na fosforasi. Mtu anaweza kunywa maziwa asubuhi na jioni, lakini pasipo vitamini D ya kutosha, utumbo wake utaifyonza sehemu ndogo tu ya kalsiamu iliyomo na kuiacha nyingine ipite. Kalsiamu haihitajiwi na mifupa pekee. Moyo hauwezi kupiga wala misuli kukaza bila kalsiamu iliyomo kwenye damu, na kwa sababu hiyo mwili hauwezi kuvumilia kiwango chake kishuke. Kinaposhuka, tezi nne ndogo zilizoko shingoni hutoa amri ya kukopa kutoka kwenye ghala, na ghala lenyewe ni mifupa. Moyo unaendelea kupiga. Mifupa ndiyo hulipa deni.

Kwa mtu mzima, deni hilo hujitokeza kama maumivu ya mifupa yasiyoelezeka, udhaifu wa misuli ya mapaja, na ugumu wa kuinuka kitini au kupanda ngazi. Kwa mtoto anayekua, mfupa mpya huundwa bila kukomaa, ukabaki laini kama gegedu, na uzito wa mwili ukaupinda. Hayo ndiyo matege.

Neno matege, hata hivyo, linataja miguu tu. Kamusi zetu hulifafanua kwa umbo la miguu iliyopinda, na hivyo ndivyo kila msemaji anavyolielewa. Umbo hilo lakini hujitokeza baada ya mtoto kuanza kusimama na kuubebesha mfupa laini uzito. Kabla ya hapo dalili zimekuwepo kwa miezi: vifundo vya mikono vilivyonenepa, utosi unaochelewa kufunga, meno yanayokawia kuota, kuchelewa kuketi na kutembea, na vinundu mithili ya shanga pale mbavu zinapokutana na gegedu za kifuani. Wapo watoto ambao kalsiamu yao hushuka hadi wakapatwa na degedege wangali wachanga, miguu yao ikiwa haina kasoro yoyote. Mzazi anayengoja kuiona miguu ikipinda anangoja ukurasa wa mwisho wa kisa. Kwa upande mwingine, ni vyema ieleweke kwamba watoto wengi walio chini ya miaka 2 huwa na miguu iliyopinda kidogo, nayo hunyooka yenyewe. Kwa hiyo neno hili huwatia hofu wasiostahili kuogopa, na likawaacha usingizini wanaostahili kuamshwa.

Kuna madhara mawili ambayo jina hili huyaficha kabisa. La kwanza linahusu mapafu. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1997 uliwalinganisha watoto waliolazwa kwa nimonia na wale wasiokuwa nayo. Uwezekano wa kupatikana na matege ulikuwa takriban mara 13 zaidi miongoni mwa waliougua nimonia, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine za kimaisha. Kifua chenye mbavu laini hakiwezi kuvuta pumzi wala kukohoa inavyopasa. La pili linamhusu msichana. Mifupa ya nyonga iliyopinda utotoni hubaki hivyo hadi ukubwani, na njia ya uzazi ikawa nyembamba mno kumpitisha mtoto. Mjini Glasgow, ambako matege yalikithiri katika karne ya 19, upasuaji wa kujifungua uliofanikishwa na daktari Murdoch Cameron mwaka 1888 ulikuwa wa kumwokoa mwanamke ambaye nyonga zake ziliharibiwa na maradhi haya. Ugonjwa wa mtoto wa mwaka mmoja huweza kumuua mama wa miaka 20, na mama huyo akawa ni yule yule mtoto.

Jua lipo, ila nani hulipata?

Wazungu wa karne zilizopita walikuwa na desturi ya kuyapa maradhi majina ya majirani. Matege yaliitwa na Wajerumani ugonjwa wa Kiingereza, kwa kuwa yalishamiri kwenye miji ya viwanda ya Uingereza, penye moshi mzito na vichochoro vyembamba. Mnamo 1822 daktari wa Kipolandi Jędrzej Śniadecki alikuwa tayari amegundua kwamba watoto wa mjini Warsaw waliugua ilhali wa mashambani walinusurika, akashauri watolewe juani. Mwaka 1890 Theobald Palm, aliyewahi kuwa daktari mmishenari nchini Japani, alitoa hoja ya jumla zaidi: maradhi haya hufuata uhaba wa jua. Kutokana na hoja kama hizo, ni rahisi kudhani kwamba Afrika Mashariki imekingwa.

Na kweli kuna ushahidi wa kinga hiyo. Watafiti waliowapima Wamaasai na Wahadzabe nchini Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, walipata wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa kila lita ya damu. Kiwango hicho ni zaidi ya maradufu ya nanomoli 50 ambazo wataalamu wengi huzihesabu kuwa zinatosha. Hawa ni watu weusi, waishio nje mchana kutwa.

Picha hiyo hubadilika tunapowageukia wengine. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Reagan Mogire, mtafiti aliyekuwa katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi. Uchambuzi huo uliokusanya tafiti za barani Afrika ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 3 alikuwa chini ya nanomoli 50, na takriban 18 kati ya 100 walikuwa chini ya 30, kiwango ambacho mifupa huanza kuwa hatarini. Mnamo 2014, watafiti walioshirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha ripoti kuhusu matege miongoni mwa watoto wa Kibera. Jua la Kibera ni lile lile la Umaasaini. Kinachotofautiana ni safari yake hadi kwenye ngozi.

Safari hiyo ina vizuizi vingi. Majengo ya kupangisha ya mtaa wa Pipeline jijini Nairobi yamesongamana kiasi kwamba vyumba vya ghorofa za chini huwashiwa taa adhuhuri. Mama anayeishi humo na mtoto mchanga, akiwa na hofu ya wizi, vumbi na magari, hana ua wala baraza ya kumtolea mwanawe. Tunaposema kwamba Nairobi ya leo imejenga upya vichochoro vya Glasgow, hatutii chumvi. Mfanyakazi wa ofisini naye hulitazama jua kupitia kioo, na kioo cha dirisha huizuia karibu miale yote inayohitajika, ingawa mwanga na joto hupita. Isitoshe, melanini inayoipa ngozi yetu weusi ni mwavuli wa kiasili: hutukinga na madhara ya jua kali, lakini hurefusha muda unaohitajika kuitengeneza vitamini.

Vazi nalo hutajwa sana, aghalabu kwa kejeli isiyo na haja. Ni kweli kwamba nguo izibayo mwili huzuia miale, iwe ni buibui, suti au sare ya askari. Hata hivyo, nyumba kongwe za mawe za Lamu zilijengwa zikiwa na kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambamo wanawake walifanya shughuli zao mbali na macho ya wapita njia. Kwa maoni yetu, desturi ya stara haikuwa na kosa ilipoambatana na nyumba yake. Kosa limekuja pale vazi lilipobaki na kiwanda kikatoweka, nafasi yake ikachukuliwa na chumba kimoja cha ghorofa ya nne. Hali ni hiyo hiyo kwa ada ya kumweka mzazi ndani siku arobaini: maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, huwa na vitamini D haba, na mtoto huanza maisha kwa akiba aliyopewa na mama tumboni.

Namna ya kuipata

Lugha yetu ina kitenzi kizuri kwa jambo hili. Nguo na samaki huanikwa. Msafiri hupigwa na jua. Bali mtu akilifuata jua kwa hiari ili limfae, huliota, jinsi aotavyo moto. Kitenzi hicho ni cha kutenda, na mtendaji ni mtu mwenyewe. Wakufunzi wetu hupenda kutumia neno ota kama mfano wa homonimu, kwani mmea huota, meno huota, na aliyelala huota ndoto. Kwa mtoto mchanga, maana hizi hukaribiana kuliko tunavyodhani.

Ila aliote jua lipi? Ushauri ulioenea nchini ni kwamba mtoto atolewe kwenye jua la asubuhi, nalo hufasiriwa kuwa la saa moja au saa mbili. Jua hilo ni la upole na linapendeza, lakini kwa lengo hili lina manufaa machache sana. Linapokuwa chini angani, miale yake hupita kwenye hewa kwa mshazari, na ile ya urujuanimno inayohitajika huchujwa karibu yote njiani. Kipimo rahisi hakihitaji chombo: mtu atazame kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kuliko kimo chake, vitamini inayotengenezwa ni haba. Kikiwa kifupi kuliko kimo, miale inafika. Hapa kwetu kivuli hulingana na kimo takriban saa tatu baada ya macheo, yaani yapata saa tatu na nusu asubuhi, wakati unaokaribiana na ule ambao wazee waliuita mafungulia ng'ombe. Hukizidi kimo tena yapata saa tisa na nusu alasiri. Kwa hivyo kadi za kliniki zingelisema "kivuli kifupi" badala ya "jua la asubuhi", zingelisema kweli zaidi kwa maneno mawili tu.

Kuhusu muda, hakuna idadi moja ya dakika ifaayo watu wote. Kwa mtu mzima mweusi, robo saa hadi nusu saa mara kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi, ni makadirio ya busara. Hakuna haja ya kukaa hadi ngozi iwashe, kwani baada ya muda ngozi huivunja ziada yenyewe. Ndiyo maana hakuna anayelewa vitamini D kwa kuota jua. Mtoto mchanga haachwi kwenye jua la utosini. Huyo dakika chache zinatosha, kichwa kikiwa kimefunikwa. Watu wenye ualbino hawahusiki na ushauri huu kamwe: ngozi yao haina mwavuli wa melanini, kiasi kidogo cha mwanga huwatosha, na hatari yao kubwa ni saratani ya ngozi.

Chakula huongezea. Samaki wenye mafuta, kama vile jodari na dagaa, ndio wenye utajiri zaidi. Hufuatwa na maini na kiini cha yai, na pia uyoga uliokaushwa juani. Sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 huwataka wasagaji kuutia unga wa mahindi vitamini A, za kundi la B, madini ya chuma na zinki, ila vitamini D haimo. Hata hivyo, jambo ambalo huwapita wengi ni kwamba si kila tege hutokana na ukosefu wa vitamini D. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Nigeria wenye matege, waishio kwenye jua tele. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Mlango ulikuwa wazi, lakini hapakuwa na wa kuingia. Mtoto anayelishwa uji na ugali mtupu hupata kalsiamu chache, na hata hiyo hushikwa na kemikali zilizomo katika nafaka. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, mala na sukuma wiki ndivyo vinavyoijaza pengo hiyo, na kwa bei ambayo familia nyingi huimudu.

Linabaki suala la vidonge na matone. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 kuhusu matege hupendekeza yuniti 400 kwa siku kwa kila mtoto katika mwaka wake wa kwanza, na kwa mtoto wa Pipeline pendekezo hilo lina uzito kuliko mawaidha yoyote kuhusu jua asilolipata. Viwango vinavyonukuliwa mara nyingi kwa wakubwa ni yuniti 600, na 800 kwa waliopita miaka 70. Zaidi ya hapo tahadhari inahitajika. Katika muongo uliopita vidonge hivi vilinadiwa kama dawa ya kila kitu, kuanzia saratani hadi kifua kikuu. Majaribio makubwa hayakuyathibitisha madai hayo: lile la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, lenye washiriki 25,871, halikuonyesha kupungua kwa saratani wala maradhi ya moyo kwa waliomeza yuniti 2,000 kila siku, na jingine la watoto wa shule nchini Mongolia mwaka 2020 halikupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa mwaka 2024 hauwashauri watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 75 kumeza zaidi ya kiwango cha kawaida, wala kupimwa damu bila sababu. Anayemeza dozi kubwa kwa miezi, tofauti na anayeota jua, anaweza kuijaza damu yake kalsiamu hadi figo zikaharibika.

Wapo pia ambao jua na vidonge vya kawaida havitoshi. Baadhi ya dawa za kifafa na za kifua kikuu huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini, na wanaozitumia kwa muda mrefu wanafaa kumuuliza daktari kuihusu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa anaweza kuota jua kila siku na akiba yake ikawa kamili, lakini ile hatua ya mwisho ya kuigeuza haifanyiki. Yeye huandikiwa umbo lililokwisha kugeuzwa, chini ya uangalizi wa hospitali.